Nimekula Ini la Daktari

Jamani, leo nimeaibika mbele ya soko zima la samaki la Dunga, na mdomo bado unanuka kitunguu.

Mnajua najitolea kwa daktari mmoja anayetafiti magonjwa ya ini. Mimi sikusomea udaktari. Ninayoyajua nimejifundisha kwenye simu, ndiyo maana huwa naogopa kukosea hata kabla sijaanza. Leo alikuwa aongee na wachuuzi wa samaki kuhusu upandikizaji: jinsi mtu mzima anavyoweza kukatwa kipande cha ini akapewa mgonjwa. Kazi yangu ilikuwa moja tu. Kuleta ini la mbuzi la kuonyesha watu.

Nililichagua kama mtu anayechagua mchumba. Nikaliosha. Nikafunga uzi mwekundu kwenye mshipa mmoja, wa buluu kwenye mwingine. (Nilifungua na kufunga upya hadi mama yangu akaniuliza kama niko sawa.)

Kwa wasiwasi hata chai sikunywa. Nilifika mapema, nikampelekea Mama Atieno, mwenye kibanda cha kukaanga samaki, anitunzie kwenye friji. Yeye leo alikuwa na sababu ya kusikiliza. Binti yake mdogo, Apiyo, anaugua ini, na hospitali imemwambia Mama Atieno kwamba huenda yeye akafaa kumpa kipande cha ini lake. Wiki zote hizi hajajibu. Anaogopa.

"Mama, hii ni ya Daktari. Akifika nitaichukua."

"Haya, kaa hapo."

Sasa, nyinyi mmekula Dunga. Ukimpa mama wa kibanda kitu kibichi, anakifanyia nini? Na mimi nimezaliwa hapa! Nikaketi nikirudia maneno ya kumkaribisha Daktari.

Kumbe sahani inakuja. Maini, ugali, sukuma wiki.

"Kula, nyathina, mwanangu. Umekonda kama dagaa wa omena. Ya Daktari nimeweka kando."

Nikala. Yalikuwa laini ajabu! Nikamsifu. Nikaomba pilipili. Kisha kitu kikakwama kwenye meno, nikakivuta.

Uzi mwekundu. Na fundo langu.

"Mama... haya maini umetoa wapi?"

"Si ni wewe ulileta? Nimetoa nyuzi hapo, mpaka nikachoka. Huyo mwenye bucha wako ni mchafu!"

Nikageuka. Daktari alikuwa nyuma yangu, na mabenchi yamejaa.

"Ini liko wapi?"

Nikaonyesha sahani. Halafu nikaonyesha tumbo. (Sijui kwa nini nilionyesha tumbo.)

"Huyu sasa amesoma kabisa!" mtu akapiga kelele. Watu wakacheka hadi wengine wakashikana.

Daktari hakucheka wala hakufoka. Alimwomba Mama Atieno ile sahani aliyomwekea kando, akanawa, akaanza kupanga vipande kwenye sinia, kimoja kimoja, mpaka ini likaonekana tena, na pengo upande mmoja. Kisha akanisimamisha mbele, kidevu kikimeremeta mafuta.

"Huyu ndiye mtoto mgonjwa. Alichokula ndicho alichopewa. Sasa tazameni kilichobaki. Kwa mtu aliye hai, hiki hakikai hivi. Kinakua. Baada ya miezi michache kinakaribia ukubwa wa kwanza. Na kile cha mtoto kinakua pamoja naye."

Kicheko kikaisha. Hayo nilikuwa nimeyasoma mara nyingi, lakini leo ndipo nilipoyaona kwa macho. Sote tulikuwa tukitazama lile pengo.

Mama Atieno akasogea, mwiko mkononi.

"Daktari, usinidanganye. Nikimkatia Apiyo, sitabaki nusu mtu?"

"Upasuaji una hatari zake, Mama, na nitakueleza zote. Lakini ini lako litakua."

Mama Atieno akaweka mwiko chini. Akavua aproni.

"Basi nipimeni."

Mimi nilikuwa nalia, uzi bado mkononi.

Daktari ameniambia tunaenda Kombewa kutoa somo hilo hilo, nilete ini lingine. Sharti ni moja tu: nije nimeshiba.