Nani Amwoze Zuhura

Jumanne, 20 Agosti 1974

Imepangwa. Zuhura anaolewa Jumapili hii, baada ya sala ya adhuhuri. Bwana harusi ni Mbaraka wa Mombo. Kijana wa kazi, anaswali, ana adabu. Sina neno naye. Neno langu ni kwa Shabani.

Shabani ni baba mdogo wake Zuhura. Leo amekuja hapa kwangu, amekunywa chai yangu, tena na sukari, na sukari yenyewe siku hizi ni ya kuhangaikia. Kisha akasema mbele ya wazee kwamba yeye ndiye walii. Yeye ndiye atakayemshika bwana harusi mkono na kutamka kwamba amemwoza binti. Wazee wakatikisa vichwa kukubali. Hakuna hata mmoja aliyenitazama.

Mimi ni mjomba! Baba yake Zuhura alitangulia mapema, na dada yangu Mwanahawa akamfuata. Pale kitandani alinishika mkono akaniambia, Hoza, mtoto huyu ni wako. Hakusema ni wa Shabani. Alipougua surua tulimuuguza sisi, mimi na mke wangu Amina. Shuleni nilimpeleka mimi, masika, mgongoni, matope mpaka magotini. Shabani alikuwa akileta ndizi siku ya Idd. Ndizi!

Amina ameniambia niache, sheria ni sheria. Nikamjibu kwamba sijasema kitu. Akasema hicho ndicho kinachomtia hofu.

Alhamisi, 22 Agosti

Nimekwenda darsani. Watu walishangaa kuniona. Nikamuuliza Sheikh Mbwana swali, kwa upole, kama mtu anayemuulizia jirani: je, walii asipokuwepo? Sheikh akasema uwalii huhamia kwa mwingine. Alhamdulillahi! Alikuwa na maelezo zaidi, lakini langu nilishalipata. Nikachukua viatu nikaondoka.

Mwingine ni nani kama si mimi niliyemlea? Basi inatakiwa Shabani asiwepo. Si afe, Mungu apishie mbali. Asiwepo Jumapili tu.

Ijumaa, 23 Agosti

Kila mtu wa milima hii anajua: mzee wa ukoo akiwa na kinyongo, ndoa haina baraka. Lazima afuatwe, aombwe radhi, atamke mwenyewe kwamba moyo wake ni mweupe. Na hatumwi mtu. Anakwenda mkubwa wa ukoo kwa miguu yake.

Baada ya sala ya Ijumaa nikamvuta Shabani pembeni. Nikatengeneza uso wa msiba. Nikamwambia shangazi yake, Bibi Asha wa Shume, amenuna. Kwamba anasema amealikwa kwa salamu za njiani kama mpita njia. Shabani akabadilika rangi. Akasema atakwenda kesho alfajiri na kurudi jioni. Nikamshauri asiwe na pupa, mzee haombwi radhi mguu ndani mguu nje. Akanishukuru! Akasema ukoo wao una bahati kuwa na shemeji kama mimi.

Bibi Asha hajanuna hata kidogo. Miguu inamsumbua, harusini asingefika, na dua zake ameshatuma pamoja na kikapu cha viazi.

Jumamosi, 24 Agosti

Shabani ameondoka. Jioni hajarudi. Kazi nzuri, Hoza.

Nimejaribu kanzu yangu mpya. Nimejizoeza pia. Nilishika mpini wa jembe nikauambia kwa sauti kwamba nimekuoza Zuhura binti wa marehemu, nikahisi machozi. Amina akatokea mlangoni. Nilidhani atacheka. Hakucheka, akauliza Shabani yuko wapi. Nikasema, aa, watu wazima hawachungwi.

Baadaye Zuhura akaja, hina mikononi, akaniamkia shikamoo mjomba akakaa chini karibu na miguu yangu. Hana raha. Akasema baba yake Mbaraka tangu mwanzo hakutaka mke wa milimani, alishamchagulia mwanawe binti wa huko huko Mombo. Anangoja kisingizio tu. Likiharibika jambo moja kesho, atawarudisha watu wake na habari itaishia hapo. Na yeye anampenda Mbaraka, alilisema hilo huku ameinama. Nikamwambia alale. Nikamwambia mjomba wake yupo.

Jumatatu, 26 Agosti

Jana sikuweza kuandika. Leo naandika kwa sababu nisipoandika nitapasuka.

Watu wa Mombo walifika mapema na lori lao. Ngoma, vigelegele, pilau linanukia mpaka barabarani. Baba yake Mbaraka alikataa hata kuvua koti, akasema baridi yetu haifai kwa binadamu. Baada ya sala wanaume tukakaa mkekani. Nikaenda moja kwa moja mbele ya Mbaraka, nikakunja miguu, nikanyoosha mkono.

Sheikh akauliza walii yuko wapi. Nikasema huyu hapa. Akauliza tena, safari hii polepole, walii yuko wapi. Nikamkumbusha maneno yake ya darsani. Lahaula! Mbele ya watu wote akaeleza ile sehemu niliyoikimbia. Uwalii huhamia kwa watu wa upande wa baba, na wakikosekana kabisa, kwa kadhi. Mjomba hayumo. Hata amlee mtoto kwa maziwa ya kifuani mwake, hayumo. Na Shabani yu hai, yuko Shume, si mbali. Bila yeye au idhini yake, hakuna ndoa.

Baba yake Mbaraka akasimama. Akasema wao hawakupanda mlima kuja kuchezewa. Ikifika alasiri hawajamwona huyo walii, wanashuka. Nyuma ya pazia nikasikia mtu analia, nikaijua sauti. Niliijua tangu ikiwa ya mtoto mchanga.

Sikumbuki nilivyotoka. Nilidandia gari la mboga hadi Magamba, kisha nikapata jingine, nikashuka Shume kanzu imekuwa rangi ya udongo. Nikamkuta Shabani amepiga magoti. Bibi Asha alikuwa hana kinyongo mpaka Shabani alipofika kumwomba radhi. Hapo ndipo alipokasirika, kwamba nani amemzulia yeye fitina kwa harusi ya mjukuu wake! Tangu Jumamosi hiyo hasemi naye. Ikabidi na mimi nipige magoti. Nikamwambia, Bibi, Zuhura analia. Akanitazama sana yule mama. Kisha akasema moyo wake ni mweupe, tuondoke.

Lori la kabichi lilikuwa linateremka. Dereva akasema nafasi ni ya mtu mmoja. Shabani akasema anashangaa nimejisumbua, kwani na mimi natakiwa kule. Alishaongea na Sheikh tangu wiki iliyopita: mimi ndiye niwe shahidi, mimi ndiye niende kwenye pazia kumuuliza Zuhura kama ameridhia. Alisema binti hawezi kujibu vizuri ila kwa mtu aliyemlea. Alitaka iwe siri, anifurahishe.

Nikamsukuma apande. Lori likaenda na mimi nikabaki nimesimama na vumbi.

Nilitembea. Nilifika magharibi, masufuria yanaoshwa. Ndoa ilifungwa, namshukuru Mungu. Aliyekwenda kwenye pazia ni jirani yetu Omari, fundi baiskeli, mtu asiyemjua Zuhura hata anapenda chai ya namna gani. Amina akanipa ujumbe. Zuhura alisema, mwambieni mjomba nilimngoja mpaka lori la Mombo lilipopiga honi. Nililia pale pale jikoni, wanawake wananiona, na sijali.

Jumapili, 1 Septemba

Fungate imekwisha. Leo ndiyo siku ya sisi watu wa bibi harusi kushuka Mombo na sinia la chakula kumwona mtoto. Amina amepika tangu alfajiri. Nimepania kuwa wa kwanza kumwona.

Sasa jana Shabani akaja, eti tufuatane. Nikaona yote! Atakaa mbele. Atashuka kwanza. Zuhura ataanza kumbusu yeye mkono. Nikamwambia kwa masikitiko kwamba daraja la Soni limezolewa na maji, asubiri mpaka Jumatano. Akauliza maji ya mvua gani, kiangazi hiki. Nikasema ya huko juu. Akaamini, maskini, akaenda zake.

Leo tumefika stendi. Gari liendalo Mombo ni moja tu, na mwenye gari ni shemeji yake Shabani. Kashusha abiria wote. Anasema hawezi kwenda kuharibu gari lake, daraja la Soni limezolewa.

Amina amekaa juu ya jiwe, sinia mapajani. Chakula kimepoa. Na Zuhura huko ameshafagia uwanja, anatazama barabara.

Kosa langu nimeliona. Daraja ni la watu wote. Kufika Jumatano natafuta kitu cha Shabani peke yake.