Mashine ya Pembetatu

Jumatatu, 8 Julai

Mashine imefika Dongobesh leo kwa basi. Gidion ameileta mwenyewe kutoka Katesh, ambako anauza vifaa vya mafundi cherehani. Ameiacha kwa kikundi chetu cha ushonaji hadi Jumamosi. Tuijaribu, kisha tuamue ibaki au irudi.

Inakata vitambaa vya mablanketi ya viraka. Unalaza kitambaa juu ya bamba lenye visu, unafunika kwa plastiki ngumu, unazungusha mkono wa mashine. Bamba linapita kati ya rola mbili. Upande wa pili zinatoka pembetatu, zote sawasawa. Gidion alizungusha mara moja tu. Nikajua maisha yangu yamebadilika.

Maana kwenye kikundi mimi ni mtu wa pasi. Ni mwanamume pekee, kwa hiyo nilipewa pasi ya mkaa, na huu ni mwaka wa tatu. Mkataji ni Mama Genoveva na mkasi wake. Mkataji hukaa kitini na huulizwa maoni. Mtu wa pasi huulizwa kama mkaa umekolea.

Nimejitolea kukaa na mashine nyumbani. Mwenyekiti wetu, Mama Benedikta, amekubali na kunikabidhi kitenge cha bluu cha kikundi. Nitakata pembetatu za blanketi moja kwa mashine, Genoveva za jingine kwa mkasi. Jumamosi tutaona nani anastahili kiti.

Jumanne, 9 Julai

Ukungu hadi saa tano. Shambani sikwenda.

Tatizo dogo. Kitenge kizima hakiingii kwenye mashine. Lazima kwanza ukikate vipande vya upana wa bamba. Kwa kifaa gani? Kwa mkasi. Gidion hakulitaja hili.

Sina mkasi wa vitambaa. Nikaenda kwa Genoveva, nikamwamkia shikamoo, nikamwomba mkasi wake wa akiba. Nikasema ni wa mke wangu, Konsolata, anataka kupunguza pindo la sketi. Genoveva akaitikia marahaba, akasema vizuri, Konsolata yuko jikoni humu humu anamenya viazi, tumuulize ni sketi ipi. Konsolata akatoka na kisu mkononi. Hakuwa na sketi yoyote ya kupunguza.

Genoveva akanipa mkasi bila kuuliza zaidi. Hilo ndilo lililoniuma.

Jumatano, 10 Julai

Gidion alisema tabaka sita kwa mara moja, zisizidi. Wauzaji ni watu waoga. Niliweka kumi na nne, yaani kitenge chote cha kikundi.

Mkono ulizunguka nusu, ukagoma. Nikausukuma kwa goti. Ukagoma zaidi. Nikamwita Alfredi, fundi baiskeli. Akafungua nati nne, akatoa bamba, akatoa na kitenge. Tabaka za chini zilikuwa zimekatika, za juu zimepata mikunjo tu, za katikati zinaning'inia kwa nyuzi. Alfredi akauliza mbuzi aliingiaje ndani.

Visu vizima, namshukuru Mungu. Kitenge kwisha. Nimekificha chini ya gunia la mahindi.

Alhamisi, 11 Julai

Konsolata ameenda Haydom kumwona dada yake aliyejifungua. Nikafungua sanduku lake la nguo. Kuna kitenge cha bluu, karibu sawa na kile. Amekivaa mara moja tu, kwenye harusi ya kaka yake, Margwe. Nilisimama hapo muda mrefu nikijiuliza kama ni haki. Kisha nikakipiga pasi.

Tabaka sita. Nikazungusha taratibu.

Sijui niandikeje. Pembetatu zilitoka kama zimezaliwa hivyo. Nikaweka mbili mezani, ncha ikagusa ncha, hakuna hata uzi uliozidi. Nilisahau kula. Kwa mara ya kwanza nimetengeneza kitu kizuri kwa mikono yangu, ukiacha mikunjo niliyonyoosha, ambayo haihesabiki.

Ijumaa, 12 Julai

Mpango wa kumchelewesha Genoveva. Nimeenda kwake asubuhi kumpigia soga, asipate nafasi ya kukata. Nimeongea kuhusu mvua, kuhusu bei ya vitunguu, kuhusu goti langu. Ameitikia yote kwa adabu huku akikata bila kutazama. Nilipoondoka saa nane alikuwa amemaliza. Mimi sikuwa nimekata hata moja tangu jana.

Njiani ndipo nilipogundua kwamba yeye ndiye aliyekuwa akiuliza. Bamba moja linakata umbo gani? Pembetatu. Ukubwa mmoja tu? Ndiyo. Ukitaka mraba? Unanunua bamba jingine. Nilimwambia hakuna anayehitaji mraba.

Jumamosi, 13 Julai

Ukumbi wa parokia ulijaa. Nilizungusha mbele ya wote. Pembetatu zikatoka, akina mama wakapiga makofi. Mama Benedikta akaziunganisha, akasema hajawahi kuona ncha zinazokutana hivi. Nilikaa kitini bila kukaribishwa.

Kisha akaomba miraba mikubwa ya pembeni. Nikakohoa. Genoveva akaikata yote kabla sijamaliza kukohoa.

Na hapo Konsolata, aliyerudi jana kutoka Haydom, akaokota pembetatu moja, akaipeleka dirishani.

"Baba Agatha," akaniambia, "hiki ni kitenge changu."

Nikasema bluu zote zinafanana.

"Doa hili la pasi uliniunguzia mwenyewe, asubuhi ya harusi ya Margwe."

Nikasema kuhusu gunia la mahindi. Nilisema yote. Konsolata hakugomba. Alizikusanya pembetatu moja moja, akazipanga mapajani, na hiyo ilikuwa mbaya kuliko kugomba.

Mama Benedikta akauliza: mashine irudi? Genoveva akasimama. Nilijua nimekwisha.

"Ibaki," akasema. "Pembetatu ndogo zinaniumiza vidole na hazilingani. Hizi zinalingana. Miraba na vipande virefu tutaendelea na mkasi."

Wote wakakubali. Nikashusha pumzi. Nimeshinda! Mama Benedikta akaongeza kwamba mashine ataiendesha Genoveva, kwa kuwa lazima kwanza ukate vipande kwa mkasi. Na kwa kuwa kitambaa chenye mikunjo hukatika vibaya, sasa kila kipande kitapigwa pasi kabla, na tena baada ya kushonwa. Kazi hiyo ina mwenyewe.

Blanketi la kwanza litakuwa la Konsolata. Hilo nililiomba mimi. Aliniangalia kidogo.

Jumapili, 14 Julai

Baada ya misa Genoveva alinisimamisha. Akasema pembetatu zangu zilitoka safi kwa sababu kitenge kilinyooshwa vizuri sana, na kwamba watu hawaoni kazi hiyo. Nilitembea hadi nyumbani nikiwa mtu mwingine kabisa.

Konsolata amenipakulia chakula leo. Ameniambia pia neno moja: chumvi. Nimempa.

Jioni shemeji yangu Tito amenipigia simu kutoka Haydom. Kuna jamaa anauza mashine ya kupigia pasi. Unalaza kitambaa, unashusha mfuniko, mvuke unatoka, wewe umekaa kitini. Nimemwambia ailete Jumanne. Jamaa anasisitiza moto uwe mdogo, lakini hao wote ni waoga. Kitambaa cha kujaribia hakitanisumbua. Yapo mapazia ya sebuleni, na Konsolata huwa hayatazami sana.