Pete Tatu Chini ya Usukani

Jumatatu, 10 Machi

Bi Godelieve, mwenye mkahawa, kanichamba leo mbele ya kilabu chetu kizima cha baiskeli. Kwa upole, ndiyo, huku akinimiminia bia. Kasema baiskeli yangu ni nzuri, kaboni tupu, rangi ya divai, ila usukani umekaa juu mno, mtu angedhani napeleka maziwa. Wote wakacheka. Ivo, kaka wa mke wangu, hakucheka. Alifuta povu mdomoni tu. Hiyo imeniuma zaidi.

Yeye ana haki ya kutulia. Picha ya baiskeli yake iko juu ya kaunta ya Godelieve mwaka wa tatu sasa. Jumapili hii tunafungua msimu, na Godelieve atapiga picha mpya, ya baiskeli moja tu, atakayoona nzuri kuliko zote, itundikwe mwaka mzima. Lazima iwe yangu. Sitaki tena kumtazama Ivo kila ninapokunywa.

Nimeichunguza baiskeli. Ubaya wote uko kwenye pete tatu nyeusi chini ya usukani. Baiskeli ya maana haina hata moja. Usukani unakalia fremu moja kwa moja. Machteld, mke wangu, akauliza, na mgongo wako je? Nikamjibu mtaka cha mvunguni sharti ainame. Akasema mimi nikishainama huwa siinuki.

Jumanne, 11 Machi

Nimezitoa pete chini, nikazipanga juu. Lo! Usukani umeshuka vizuri, lakini sasa bomba la uma wa mbele, lile linaloshika usukani, limechomoza juu kama dohani. Lazima likatwe.

Fons fundi amekataa. Eti niiendeshe hivyo hivyo majuma mawili, mgongo ukikubali ndipo tukate, maana likishakatwa haliungwi. Majuma mawili! Nikamwambia fundi anayeogopa msumeno akauze maua. Akaniuliza kama mlango nimeuona au anionyeshe.

Jumatano, 12 Machi

Nimekata mwenyewe. Gereji imefungwa, redio juu ili Machteld asisikie. Mkono haukutetemeka hata kidogo. Kazi safi.

Ila nimekata zaidi. Nilipima urefu wa pete tatu, nikaongeza na unene wa kifuniko, kwa usalama. Usalama gani! Usukani unashikwa kwa skrubu mbili. Ya chini inalibana bomba. Ya juu inabana hewa.

Nimekaa sakafuni natoka jasho. Nikafikiria kumpigia Fons. Nikaona sura yake itakavyokuwa, nikaacha. Kisha nikainuka, nikaitazama baiskeli kwa ubavu. Mungu wangu, inapendeza.

Ijumaa, 14 Machi

Mapambo yamekamilika. Utepe mweupe kwenye usukani. Nimezungusha matairi hadi jina la kila tairi likakaa sawasawa juu ya valvu, maana jicho la mjuzi huanzia hapo. Mkoba wa vifaa chini ya kiti nimeung'oa. Ulikuwa unaning'inia kama kitambi.

Ivo kaja kula chipsi, kama kila Ijumaa. Akaenda gereji kabla hata ya kuvua koti. Akaizunguka. Akasema hajaona baiskeli nzuri kuliko hii mtaa mzima. Nilitaka kulia! Halafu akashika breki ya mbele, akaitikisa, kama mwendesha baiskeli yeyote anavyofanya kwa baiskeli ya mwenzake. Ko.

"Shemeji, kinacholia hapo ni nini?"

Nikamwambia ni upya tu, vyuma bado havijazoeana. Akasema kitu kipya hakilii. Nikamvuta mezani. Amekula kidogo, chipsi zikapoa, macho kwangu muda wote.

Naogopa, sifichi. Lakini nisipoipeleka, ni picha yake tena mwaka mzima.

Jumapili, 16 Machi

Mgongo bado haujanyooka. Naandika hivyo hivyo.

Sharti la Godelieve halijabadilika tangu tukiwa vijana. Baiskeli hupigwa picha ikifika mkahawani na mwenyewe juu yake, baada ya kupita kilima chenye barabara ya mawe. Aliyeshuka akasukuma, hana picha.

Kupanda nilipanda vizuri, nimejikunja kama mvuna viazi. Vijana wakapiga miluzi. Kileleni mgongo ulikuwa umekufa ganzi, sikujali. Mkahawa ulionekana kule chini, Godelieve mlangoni na kamera yake.

Tukaanza kushuka. Mawe yakaanza kutikisa. Usukani ukageuka kidogo kushoto, gurudumu likaenda mbele. Nikaurudisha kulia. Gurudumu halikuwa na habari! Nikajiambia, mteremko mfupi huu, utashika tu. Haukushika. Ukawa unacheza mikononi mwangu kama kifuniko cha sufuria, na ukuta wa shamba unakuja.

Ivo akanifikia ubavuni, akanikamata jezi kwa nyuma, akafunga breki yake, tukaserereka wote wawili hadi majanini.

"Shuka, Gerolf."

Nikamwambia tumebakiza kidogo tu.

"Shuka. Nikamwambie nini dada yangu? Kwamba ulikufa ukipendeza?"

Nikashuka. Mgongo ulikataa kunyooka, nikasimama nusu. Akaniona, akanipa baiskeli yake niipande, akaichukua yangu akaisukuma hadi chini kwa miguu, watu wote wakitazama. Kwa hiyo kati yetu wawili hakuna aliyefika juu ya baiskeli yake. Picha yangu imekwenda, na ya Ivo imekwenda. Godelieve akaipiga ya Roos, mgeni wa kilabu, yenye kengele kwenye usukani. Kengele!

Jumanne, 18 Machi

Machteld amelia. Kasema tangu Ivo aachwe na mkewe, ile picha ndiyo kitu pekee alichokuwa akiwaonyesha watu, na mimi sikuliona hilo miaka yote. Nimeona haya. Haya ya kweli. Nikampigia Ivo, nikamwomba radhi. Akasema yamekwisha, ila nimwahidi sitaugusa usukani tena bila Fons. Nikamwahidi. Fons ameagiza uma mpya, na pete zote tatu zitarudi.

Ahadi nitaitunza. Mtu aliyekuokolea meno humdanganyi.

Lakini leo nimesimama gereji, nikaelewa jambo. Jicho halipendi usukani wa chini. Linapenda ule mteremko kutoka kiti hadi usukani. Basi kiti kikipanda, usukani utaonekana umeshuka wenyewe, bila msumeno! Na kiti hakikutajwa kwenye ahadi.

Kwenye nguzo ya kiti kuna mstari, onyo kwamba nguzo isivutwe juu kupita hapo, isije ikakatika. Nimeuvuka kidogo tu. Inapendeza ajabu.

Ijumaa Ivo akija kula chipsi, nitamwonyesha. Maskini, atafurahi.