Babu Hajapata Choo

Sogea karibu unisikilize mwenyewe, ndugu yangu, maana kesho utaipata habari hii dukani ikiwa imetiwa chumvi. Leo nimeadhirika. Na aliyeniadhiri ni mjusi.

Nitakwenda taratibu ili usipotee.

Kazi yangu unaijua: nawafundisha Kiswahili wageni waliokuja kufanya kazi hapa mjini. Kuna familia moja ya Msasani ina binti mdogo anaitwa Ana. Ana ana mjusi. (Nilipoambiwa hivyo mara ya kwanza nilidhani ni zoezi la sarufi.) Si mjusi wa ukutani huyu. Urefu wake ni kama wa mkono wako kuanzia kiwiko hadi vidoleni, rangi ya mchanga, tumbo limelala bapa kama chapati. Chini ya kidevu ana miiba laini ambayo akikasirika inavimba na kuwa myeusi, ukimwona utasema ni ndevu. Walikuja naye kutoka kwao ndani ya kasha, na vibali vyake. Sasa kwa sababu ya ndevu hizo, na kwa sababu wiki ile nilikuwa nafundisha majina ya jamaa, Ana akamwita Babu.

Familia imekwenda kutembea mbugani. Babu akaletwa kwangu Tandika na kasha lake na taa yake ya kuota joto. Siku ya kuagana Ana alinishika mkono akaniambia, "Mwalimu, Babu asife." Alisema kwa Kiswahili nilichomfundisha mwenyewe, kwa hiyo sikuweza kujifanya sijaelewa. Nikamwahidi. Wanakuja kumchukua kesho asubuhi.

Tatizo ni kwamba nyumbani kwangu tayari yuko babu mwingine. Baba mkwe wangu, Mzee Mshamu, anajenga kibanda chake Chanika, na mpaka kiishe anakaa kwetu. Ni mtu mtaratibu, mswalihina, ndevu zake nyeupe anazichana kila asubuhi. Mkwe ni mkwe. Mbele yake hata neno "bafu" mie nalizungukia. Kwa hiyo jina la mjusi sikulitaja kabisa akiwepo. Nilikuwa nasema "mgeni". Siku alipomwona mara ya kwanza aliuliza, "Mama Shani, huyu si mjusi kafiri?"

"Hapana, baba. Huyu ana ndevu."

Akamwinamia, akamtazama. "Hazijachanwa," akasema, akaenda zake kutawadha.

Basi. Kosa langu lilikuwa huruma. Chakula chake ni mchicha uliokatwakatwa na panzi wadogo, lakini wiki iliyopita jioni moja nikakamata panzi mkubwa uani, yule tunayemwita parare, nikaona nimfurahishe mgeni. Akammeza mzima. Muda si muda umeme ukakatika, zamu yetu ya mgao, na taa yake ikazimika. Siku zilizofuata ikawa vilevile, na mvua juu.

Hapa nikueleze kitu, kitakufaa. Mnyama wa aina hii hana moto wake mwenyewe mwilini. Jiko lake ni jua, au taa. Akikosa joto, chakula kinakaa tumboni kama wali kwenye sufuria isiyo na mkaa. Parare akabaki pale pale. Babu akaacha kula. Akafumba macho mchana. Nikifagia kasha, hamna kitu. Leo asubuhi nimempapasa tumbo nikakuta pana kitu kigumu kama kokwa ya embe, na nilipomweka sakafuni akawa anaburuta mguu mmoja wa nyuma. Mawazoni nikamwona Ana amesimama mlangoni kwangu, ameshika kasha tupu.

Nikakimbilia dukani kwa Mama Zai, lile duka lenye vitu vya Dubai na simu ya mezani. Watu walikuwa wamejaa, wengine wanasubiri simu, wengine wanapimiwa mafuta ya taa. Nikampigia daktari wa mifugo ambaye baba yake Ana aliniachia namba yake. Simu yenyewe leo ilikuwa inakwaruza kama mtu anakaanga dagaa humo ndani, kwa hiyo ilibidi nipaze sauti.

"Halo, daktari? Ni Mama Shani wa Tandika. Naomba msaada, Babu anaumwa. Babu! Ndiyo. Hajapata choo wiki nzima. Choo! Hajapata!"

Nyuma yangu mazungumzo yakapungua.

"Tumbo gumu, ndiyo. Na mguu anauburuta. Amekula nini? Parare. Pa-ra-re! Nilimkamata mwenyewe kwenye majani ya uani. Ndiyo, alimmeza mzima. Hapana, miguu sikuikata."

Mafuta ya taa yakaacha kumiminwa.

"Sawa. Kwanza nimwanike juani apate moto. Kisha nimwogeshe kwenye besni, maji ya vuguvugu, yasipite mabega. Nisimwache peke yake asije akazama. Nimkande tumbo polepole kwenda chini. Na papai kidogo. Akikataa kunywa nimdondoshee maji puani, atalamba mwenyewe. Mguu usipopata nafuu mpaka alasiri nimlete. Ahsante, daktari. Ahsante sana."

(Sasa nikiyarudia maneno haya naona ningeweza kusema "mjusi" mara moja tu. Mara moja ingetosha.)

Nikageuka. Duka zima lilikuwa linaniangalia. Mama Zai akachagua papai bivu, akanipa kwa mikono miwili.

"Mpelekee Babu. Kuuguza wazee ni kazi, mwenzangu."

"Wala si mzee," nikamjibu, maana napenda kusahihisha watu, ni ugonjwa wa ualimu. "Ndevu tu ndizo zinamzeesha."

Mama Zai akawageukia wateja wake.

Nikarudi nyumbani. Jua lilikuwa limetoka vizuri. Nikamweka Babu juu ya tofali uani, akaota mpaka ngozi ikapata uvuguvugu, kama daktari alivyoniambia. Baba mkwe akaniaga anakwenda msikitini kuswali adhuhuri. Nikachemsha maji kwenye jiko la mkaa, nikayapooza, nikayapima kwa kiwiko kama unavyopima maji ya mtoto mchanga. Nikamshusha kwenye besni. Akatulia, akainua kidevu kama bwana anayenyolewa. Nikaanza kumkanda kwa vidole viwili, kutoka kifuani kwenda mkiani, bila kubonyeza.

Nikiwa katikati ya shughuli, nikasikia hodi mbele. Baba mkwe amerudi, na hakurudi peke yake. Alikuja na wazee wawili wa msikitini, mmoja Mzee Chande, jirani yetu wa nyumba ya pili. Wakaketi mkekani ukumbini. Kati yao na mimi uani palikuwa na pazia tu.

"Karibuni, wazee wangu, shikamooni," nikasema kutoka huko huko. "Mnisamehe, mikono yangu imo majini."

"Marahaba, mama. Endelea tu na kazi."

Nikaendelea. Nikasikia Mzee Chande anakohoa.

"Sasa, Mshamu. Tumesikia habari ya choo. Pole sana, ndugu yetu."

"Tumeshapoa," baba mkwe akajibu. "Nani kawaambia? Hata si jambo la kutangaza."

"Mtaa hauna siri. Ni tangu lini?"

"Tangu masika."

Kisha yule mzee mwingine akauliza kwa sauti ndogo, "Tangu masika yaliyopita?"

"Maji yalikuwa mengi mno. Nikasema ngoja kwanza pakauke."

Mie nilikuwa naelewa vizuri. Kibanda cha Chanika kimefika kwenye bati lakini shimo la choo halijachimbwa, na baba mkwe linamsumbua. Nikasema moyoni, wazee hawa wana upendo, wametoka swala kuja kumpa pole ya ujenzi.

"Na sasa unafanyaje?" Mzee Chande akauliza.

"Kesho wanakuja vijana wawili na sululu."

"Sululu?"

"Pagumu pale. Beleshi limeshindwa."

Nikasikia mkeka unasogezwa, kama mtu aliyejivuta nyuma.

"Mshamu," Mzee Chande akasema polepole, kama anamwambia mtoto ashuke mtini, "kabla hujafika huko kwa vijana. Mafuta ya mnyonyo umejaribu?"

"Ya nini? Kulainisha mpini?"

Hapo ndipo mkono wangu uliposimama juu ya tumbo la mjusi. Duka likanirudia lote. Papai. Parare. "Ndevu tu ndizo zinamzeesha."

Nilitakiwa ninyanyuke, nipite pale kwenye pazia, niseme ukweli kabla mambo hayajaharibika zaidi. Nikaanza kunyanyuka. Na Babu naye, wakati huo huo, akakaza mwili, akainua mkia.

Niambie wewe ungefanyaje. Nikimwacha majini anaweza kuzama. Nikimtoa, anaweza kushtuka na kuzuia. Nikarudi chini nikakaa. Nikamkanda. Babu akafumba macho, akatetemeka kidogo, na maji ya besni yakabadilika rangi. Kwanza kikatoka kitu kigumu chenye mguu wa parare umechomoza pembeni. Kisha kikafuata kilichokuwa kinasubiri nyuma yake, kingi. Akafumbua macho, akapiga maji kwa miguu yote ya nyuma, yote miwili.

Ndugu yangu, mawazoni nilimwona Ana anacheka. Nikasahau pazia, nikasahau wazee, nikapaza sauti ya shangwe:

"Babu amepata choo! Alhamdulillahi, Babu amepata choo!"

Yule mzee mwingine akasema "Alhamdulillahi" kwa mazoea tu. Kisha nikasikia sauti ya baba mkwe, haina haraka.

"Mama Shani."

"Abee, baba."

"Mimi niko hapa."

Nikamfunga mjusi kwenye khanga kuukuu, nikajitanda vizuri, nikapita kwenye pazia. Wazee wote watatu walikuwa wanatazama mlango. Nikapiga magoti, nikamfunua kichwa.

"Huyu ndiye Babu, wazee wangu. Mtoto wa wageni ndiye aliyempa jina hilo, kwa ajili ya ndevu. Yeye ndiye aliyekuwa hajapata choo. Baba yangu ni mzima. Cha baba ni choo cha Chanika, cha kuchimba."

Mzee Chande akamtazama mjusi. Akamtazama baba mkwe. Nikaona anapima ndevu kwa ndevu.

"Basi huyu ndiye aliyekula parare?"

"Ndiye."

"Tunashukuru. Maana kule dukani wanasema unamlisha mkweo."

Hilo baba mkwe alikuwa hajalisikia. Akageuka taratibu. "Nimelishwa nini?"

Nikaeleza yote tangu mwanzo, umeme, parare, simu, kama ninavyokueleza wewe. Yule mzee mwingine alikuwa ameinamisha kichwa, mabega yanatikisika, anajifanya anatafuta kitu mkekani.

"Na ile dua?" baba mkwe akauliza. "Leo baada ya swala, imamu alivyosema tumwombee mwenzetu apate wepesi. Watu wakaitikia kwa nguvu vile."

"Ilikuwa yako," Mzee Chande akajibu.

"Nami nikaitikia. Nilidhani ni mtu anayeumwa." Akazishika ndevu zake. "Mtu mmoja akanishika bega akaniambia nisikate tamaa."

Hapo wazee wawili wakashindwa kujizuia. Walicheka mpaka Mzee Chande akavua kofia akajifutia machozi. Baba mkwe hakucheka. Alinyoosha kidole kimoja akamgusa mjusi chini ya kidevu, na mjusi akamwachia.

"Mguu unatembea?" akaniuliza.

"Unatembea, baba."

"Vizuri. Mtoto wa watu hatalia." Akanyanyuka, akachukua bakora yake. "Lakini mgeni wako huyu abadilishwe jina kabla ya magharibi."

Akatoka kwenda alasiri akipita njia ya nyuma, ile ya kuzunguka kisima, ili asipite dukani kwa Mama Zai. Bure. Aliporudi, nyumbani zilishafika chupa mbili za mafuta ya mnyonyo, fungu la ukwaju, na shubiri kwenye karatasi. Vyote ni dawa za kufungua tumbo, nimevipanga mezani. Mie najua kueleza mambo, ndiyo kazi yangu, lakini mtaa mzima siwezi kuuzungukia kwa siku moja.

Mjusi yuko sasa juu ya tofali, macho wazi, amekula mchicha kidogo. Kesho Ana atampokea mzima, na nitamfundisha neno jipya: somo. Maana yake ni mtu mwenye jina moja na lako. Atajua kwa nini mjusi wake hawezi kuwa somo wa baba mkwe wangu, na sasa anaitwa Mjomba.

Wewe ukiwa na mnyama wa namna hii akakosa choo, usimwongezee chakula. Anza na jua, kisha maji ya vuguvugu, na ukiona mguu unaburuzwa mpeleke kwa daktari. Hilo ni la mjusi. La baba mkwe wangu ni fupi zaidi, nami nakuomba kwa dhati. Ukikutana naye njiani usitabasamu, usimuulize tumbo, usimuulize hata ujenzi umefikia wapi. Mpe shikamoo, pokea marahaba yako, kisha pita.