Mahindi Mekundu ya Bibi na Bahasha za Kanisa

Alhamisi, 6 Februari

Nimeitwa kwenye usaili! Ufadhili wa shahada ya uzamivu, kuboresha mbegu za nafaka, miaka minne ng'ambo. Tumebaki kumi na wawili. Kwa bahati mbaya mmoja wao ni Anyosisye, tuliyesoma naye Morogoro. Ameshatangaza kwenye kundi la WhatsApp, amevaa koti jeupe. Koti la nani? Mtama wake wa utafiti niliumwagilia mimi.

Tatizo dogo. Kwenye insha niliandika kwamba kwa miaka kumi nimehifadhi kitaalamu mahindi mekundu ya marehemu bibi yangu. Sasa wanataka kuyaona. Shambani, kwa video, Jumatatu. Miaka hiyo kumi mahindi yalikuwa kijijini Nkunga, kwa Shangazi Sekela. Mimi niliyahifadhi moyoni.

Ijumaa, 7 Februari

Nkunga. Shangazi akanipokea kwa salamu, ugonile, mtaalamu, kisha akauliza nimeletwa na njaa au nimeleta mchumba. Akanipeleka nyuma ya migomba. Mstari mmoja, mashina thelathini na kitu. Ndiyo yote yaliyobaki; ukoo mzima siku hizi unapanda mbegu ya dukani. Yake yanachanua sasa hivi, ya majirani yameshabeba. Anasema huwa anachelewa wiki tatu makusudi. Uvivu, nikawaza.

Kisha nikaona zile ndevu nyekundu za mahindi zinachomoza, nikawa na miaka sita. Bibi jikoni, ungo mapajani, hindi jeusi kwa moshi mkononi. Punje za ncha na za kitako zilikuwa zangu, za kukaanga. Za katikati hakuna aliyegusa. Hizo alisema ni za Mungu na za mwakani. Nilisimama pale mpaka mvua ikanikuta.

Nikajifuta uso. Kazi! Mstari ule haufanani na utafiti. Wataalamu hufunika ua la kiume, lile la juu, kwa mfuko wa karatasi ili chavua isipeperuke. Nitafunika.

Jumamosi, 8 Februari

Mifuko ya kaki ya dukani: kufika saa sita mvua imeifanya uji. Nailoni imepigwa marufuku. Nikakumbuka sanduku la Mama, mhazini wa kanisa, la bahasha tupu za sadaka za mwaka jana, anazowashia moto. Nene! Nikazisugua mshumaa zisilowe. Mama akauliza tutawasha nini umeme ukikatika. Nikasema ni utafiti. Akasema tangu nimalize chuo utafiti umeshakula mishumaa miwili na chekeche lake.

Saa kumi na moja kila shina lilikuwa limevaa bahasha yenye jina la muumini. Ambindwile. Wilson. Andongwisye. Maridadi! Nikamwambia Shangazi asiguse. Akatazama sana. Akauliza: mpaka lini? Nikasema: mpaka wakubwa waone.

Jumatatu, 10 Februari

Mvua. Mtandao hakuna. Usaili umesogezwa hadi Alhamisi. Bahasha zibaki.

Anyosisye ameshafanya wake. Anasema ulikwenda "vizuri mno". Mno!

Alhamisi, 13 Februari

Niandike haraka kabla aibu haijapoa.

Walikuwa watatu kwenye simu. Wakauliza majina yale ni ya nini. Nikasema ni koo za mbegu. Ambindwile ana sifa gani? Nikasema anavumilia mvua. Na ni kweli, hajawahi kukosa ibada. Wakaandika!

Kisha profesa wa tatu, mama mmoja Mkenya, akauliza kwa Kiswahili: na chavua unaipeleka kwenye ndevu saa ngapi?

Sikuwa nimepeleka. Bahasha nilizifunga ili zionekane zimefungwa, basi. Siku tano! Ndevu zimengoja, upepo hauna cha kubeba, na mashamba ya jirani yalishamaliza kuchanua. Ndiyo maana ya zile wiki tatu: mbegu ya Bibi isichanganyike na ya dukani. Mbegu ya mwisho ya Bibi, nimeiua mimi, kwa bahasha za sadaka.

Sijapata uongo wa kujibu, nyuma yangu Shangazi akatokea kwenye migomba. Akamvua Wilson bahasha, akaikung'uta juu ya ndevu, akaenda kwa Andongwisye. Profesa akauliza yule ni nani. Mdomo wangu ukasema: msaidizi wangu wa utafiti.

Shangazi ana masikio. "Msaidizi! Mimi niliyekufunga nepi!" Akaja mpaka kwenye simu, akawasalimia vizuri mmoja mmoja, akaeleza kwamba mtoto huyu amewafungia waume ndani, wake wanangoja nje, ikabidi yeye kila asubuhi awapelekee. Profesa akacheka mpaka picha ikatikisika. Wakaongea dakika ishirini, kuhusu udongo, kuhusu moshi, kuhusu Bibi. Chaji ikaisha wakiwa bado wanaongea. Mimi sikuaga.

Nililia nyuma ya migomba. Si kwa ajili ya usaili tu.

Ijumaa, 28 Februari

Jibu. Amepata Anyosisye. Kundi zima linampongeza. Nami nimempongeza, bila alama ya mshangao.

Kwangu mistari miwili: nikae msimu mmoja chini ya "msaidizi" wangu, kisha niombe tena. Kwa Shangazi aya nzima, na salamu za profesa.

Jumapili, 2 Machi

Shangazi alikuja kwetu Kawetele baada ya ibada. Mahindi yamebeba, kasema, yana mapengo machache kama babu. Kisha akafungua khanga, akatoa hindi la mwaka jana, jeusi kwa moshi. Akanipa kwa mikono miwili, kama Bibi. Za katikati nipande mwenyewe, nyuma ya nyumba. Nichelewe wiki tatu. Na nisiandike chochote mpaka nivune.

Ndaga, nikasema, asante. Niliahidi. Niliahidi kweli.

Punje za ncha na za kitako nimezikaanga. Mama alichukua tatu, akatafuna polepole. Ladha ni ile ile. Hata moshi ni ule ule.

Lililobaki nimelitundika juu ya jiko. Mwanga wa dirishani ulikuwa unalipiga vizuri sana. Nikapiga picha moja tu, ya kumbukumbu.

Chini yake nimeandika, kwa ajili ya maombi ya mwakani: "Uhifadhi wa kitaalamu, mwaka wa kumi na moja."