Rangi Haijakauka

Jumatatu, 9 Juni

Habari njema. Mama anaruhusiwa Ijumaa! Dada yangu mkubwa amepiga simu asubuhi hata sijanawa uso. Daktari amesema nyonga imeunga vizuri, Mama anatembea na fremu yake ya miguu minne, na kitu pekee anachohitaji nyumbani ni chuma cha kujishikilia bafuni. Bomba moja ukutani, kando ya choo, basi. Dada akauliza kama nimeshaliweka. Nikamwambia liko mbioni.

Liko mbioni kweli. Bomba lenyewe limesimama nyuma ya mlango wa karakana tangu mwezi wa tatu. Mimi ni fundi wa kuchomelea. Nusu ya mageti ya mtaa huu yametoka mikononi mwangu. Bomba moja, vibati viwili vya ukutani, bolti nne: kazi ya nusu siku, tena fundi akiwa na mafua. (Chuma hiki nilimwahidi Mama kabla hajaanguka na kuvunjika nyonga, lakini hayo si ya kuandika hapa.)

Kazi ya nusu siku haianzwi Jumatatu. Ukiianza Jumatatu unaionea. Nimekata kauli: Alhamisi. Leo nimepanga bolti zote za karakana kwa ukubwa, kuanzia za kitasa mpaka za lori. Meza imependeza sana, sijapata kuona. Nalala hoi, kama mtu aliyefanya kazi.

Jumanne, 10 Juni

Shemeji amekuja. Huyu ni mume wa Dada, karani wa bima, mtu anayepiga pasi soksi. Humu kwenye daftari namwita Bwana Ratiba. Amekuja na futi ya kupimia, penseli sikioni, na drili mpya ndani ya sanduku lake. Akasema kwa upole, maana maneno yake yote ya kuudhi huyasema kwa upole, kwamba ukuta wa bafuni ni zege lenye vigae, drili ya kawaida haitoboi, kwa hiyo amechukua ruhusa kazini aje anisaidie. Tungemaliza kabla ya chai ya jioni.

Anisaidie mimi! Mtu ambaye msumari wa kutundikia kalenda aliniita nimpigilie. Nikamwambia drili ninazo tatu. Ninayo moja, na iliungua mwaka jana. Akabeba sanduku lake. Alipofika mlangoni akageuka, akasema Dada ameshaamua: kama chuma hakijawekwa kufikia Ijumaa, Mama atahamia kwao, maana nyumba yao ni sawa kote, haina hata kizingiti.

Hapo nikanywea. Kwao Mama atapewa chumba cha nyuma kinachotazama ukuta wa jirani. Atakula kwa saa na atalala kwa saa. Hapa ana dirisha lake la barabarani, anajua nani kapita na nani hajapita, na jioni tunafungua redio, mimi na yeye, tunawasema wasoma habari mmoja mmoja. Mama hataki kwenda kwao. Mimi pia sitaki aende. Tangu alazwe, nyumba hii imekuwa kama stoo, na mimi ni kimojawapo cha vitu vilivyowekwa humo.

Kwa hiyo chuma lazima kiwepo. Nikaingia karakana kwa hasira, nikalichukua bomba, nikalitazama. Halina haiba. Mama yangu si wa kushika bomba tupu kama abiria. Anastahili ua kwenye ncha, la chuma, lenye majani. Nimechora maua mpaka giza likaingia. La nne ndilo zuri.

Jumatano, 11 Juni

Siku mbaya. Acha niiandike kwa utaratibu.

Nimekwenda kumwona Mama. Ameshawasimulia wodi nzima kwamba mwanawe fundi anamtengenezea chuma cha bafuni, si cha kununua, cha kutengeneza. Mgonjwa wa kitanda cha jirani akanishika mkono, akasema laiti naye angezaa fundi. Mwingine akauliza kama ningeweza kumwekea na yeye. Nikasema itategemea nafasi. Nilivimba kichwa, kana kwamba chuma kimeshawekwa, na iliniuma kidogo nilipokumbuka kwamba hakijawekwa.

Ndipo nikapata wazo. Ijumaa si amri ya mbinguni! Ni siku tu iliyochaguliwa na daktari, na daktari huenda na anachoambiwa. Nikamvuta kando Sista mkuu wa wodi, nikainamisha uso, nikamwambia Mama anakohoa sana usiku, pengine ingefaa akae wiki moja zaidi. Sista akauliza nimeyajuaje ya usiku, na mimi mlinzi hunitoa jua likiwa bado halijazama. Nikasema mtoto huhisi.

Sista hakubisha. Alimwita daktari. Daktari akamsikiliza Mama kifua, mbele na nyuma, akampeleka kupigwa picha, akamtembeza ukumbini, akampandisha ngazi na kumshusha. Akarudi anang'aa. Akasema mapafu ni safi kama ya msichana, na kwa kuwa vipimo vyote vya kumtoa sasa vimekamilika, haoni sababu ya kungoja Ijumaa. Anatoka kesho mchana.

Mama akapiga makofi. Wodi nzima ikapiga makofi. Sista hakupiga, alikuwa ananitazama mimi.

Alhamisi, 12 Juni

Nimeamka alfajiri! Nikawasha grinda, umeme ukakatika. Nakiri nilifurahi. Hakuna anayeweza kumlaumu mtu kwa umeme. Nikajilaza kidogo kuungoja, na nadhani ulirudi mapema, maana nilipoamshwa na simu ya Dada feni ilikuwa inazunguka na jua limeshapita utosini. Walikuwa wameshatoka hospitali. Bahati nzuri Bwana Ratiba huendesha gari kama amebeba mayai.

Mtu mwingine angekata tamaa. Mimi nilikata bomba. Nikachomelea vibati, nikapaka rangi ya fedha. Zikabaki bolti, na bolti zinataka matundu, na matundu yanataka drili. Nikasimama bafuni nimeshika kichwa. Kisha nikaiona gundi ya vigae kwenye rafu.

Nimekibandika. Nikakikandamiza kwa mpini wa fagio mpaka kikashika. Halafu nikakata vichwa vya bolti nne kwa grinda, nikavibandika navyo mahali pake, vimekaa sawasawa, mtu angeapa vimezama mpaka nyumba ya jirani. Na kwa kuwa bolti nilizipanga Jumatatu, nilizipata mara moja. Ndiyo faida ya maandalizi. Za kweli nitaweka kesho.

Wakafika. Mama akasogea bafuni taratibu na fremu yake, akakiona, machozi yakamtoka. Akanyoosha mkono. Nikapiga kelele: rangi haijakauka! Akaurudisha mkono, akacheka, akasema asingekiharibu kwa lolote. Dada akanikumbatia, jambo ambalo hajalifanya tangu tukiwa watoto. Shemeji akachuchumaa, akavitazama vile vichwa vya bolti, akanyoosha kidole. Rangi, shemeji, rangi. Akasimama, akafuta magoti, akasema mbele ya wote kwamba alinidharau na kwamba kazi ni nzuri.

Kushinda ni kutamu sana. Jioni tulifungua redio.

Ijumaa, 13 Juni

Drili haijapatikana. Nimewaza kumwomba shemeji, nikaona heri nitoboe ukuta kwa meno.

Mama ameuliza kama rangi imekauka. Nikamwambia rangi ya fedha haitaki papara. Akasema sawa, baba, akaoga kwa beseni chumbani, akiwa amekaa kitandani, mtu mzima yule. Sikupenda kuona. Nikaenda karakana, nikautumia mchana wote kulifua lile ua. Limetoka zuri kuliko mchoro.

Jumamosi, 14 Juni

Seremala wa ng'ambo ya barabara ana drili ya zege. Nilikwenda kuiazima asubuhi. Nataka hilo lijulikane: nilikwenda. Alikuwa ameweka drafti mezani na hana wa kucheza naye. Nikacheza mara moja tu, akanifunga, na mtu hawezi kuazima drili hali amefungwa. Nikacheza mpaka nikamfunga. Narudi na drili begani, naona watu wamejaa mlangoni kwetu.

Mama alikuwa chini bafuni, kwa ubavu. Mguu umegeukia upande ambao mguu haugeuki. Hakuwa analia. Chuma changu alikuwa nacho bado, amekikumbatia kifuani kwa mikono yote miwili, kizima, rangi haina hata mkwaruzo. Aliponiona akasema, kwa sauti ya kusikika na kila mtu:

"Nisamehe, baba. Niligusa kwa kidole nikaona imekauka. Nimekuharibia kazi yako."

Mbele ya majirani wote. Nami nimesimama pale na drili ya watu begani. Nikamjibu kwamba si kitu, Mama, nimekusamehe.

Nimeisoma tena sentensi hiyo. Ndivyo nilivyosema.

Jumapili, 15 Juni

Hospitali. Wodi ile ile. Yule mgonjwa aliyetamani kuzaa fundi ameniona akageukia ukutani. Nyonga ni ile ile, imevunjika chini kidogo ya pale palipounga. Safari hii daktari hakung'aa. Kesho watamwekea chuma ndani ya mfupa na kukikaza kwa skrubu. Skrubu za kweli, nikawaza, nikajichukia. Nikauliza kama atatembea tena. Daktari akasema tusubiri tuone, akaangalia saa yake.

Dada analia tu. Anamlaumu Mama kwa kutokuwa na subira. Sikumsahihisha.

Shemeji akanifuata ukumbini. Nilijua anajua. Ndiye aliyekitoa chuma mikononi mwa Mama walipokuwa wanampakia garini, na alikigeuza, akaona upande wa nyuma: gundi tupu, hakuna hata tundu. Nikajiandaa kumpa vidonge vyake kabla hajanipa vyangu. Nilishapanga maneno, kuhusu soksi, kuhusu msumari wa kalenda. Akasimama karibu yangu, akasema kwa upole wake ule ule:

"Mama alikiona nyuma kabla yangu. Ameniomba nisimwambie dada yako. Amesema tuseme aliteleza."

Akaenda kununua maji.

Nilikaa kwenye benchi nikafikiri polepole, maana mimi kufikiri huja polepole. Ndiyo sababu alikikumbatia. Upande wa gundi aliuweka kifuani kwake, majirani wasiuone. Amelala pale sakafuni na mguu umevunjika, anaficha kazi yangu. Na msamaha ule aliuomba kwa sauti kubwa ili wausikie.

Nimelia mpaka mlinzi akaniomba nikalie nje. Nililia nje. Ninalia sasa. Mimi si mtu, mimi ni jina la mtu. Naapa kwa kila kitu nilicho nacho: kesho, kabla ya chai, kabla ya kunawa, chuma kinaingia ukutani kwa bolti za kweli.

Jumatatu, 16 Juni

Upasuaji umekwisha salama. Dada alikuwa ameshatandika kitanda cha chumba cha nyuma kwao. Mama, dawa ya usingizi haijamtoka vizuri, akasema haendi popote, anarudi kwake, mwanawe atamwekea kingine. Nimesikia kwa masikio yangu. Sista naye amesikia, akatoka nje ya wodi.

Nimerudi nyumbani nikakuta sanduku la drili ya shemeji kwenye kizingiti. Hakuna ujumbe wowote. Nikalifungua, nikaichomeka drili kwenye umeme, ikanguruma vizuri ajabu. Bomba lipo. Vibati vipo. Umeme upo. Nikaingia bafuni, nikasimama mbele ya zile alama mbili za gundi ukutani, drili mkononi, penseli sikioni. Nilikuwa tayari kabisa. Kidole kilikuwa kwenye swichi.

Hapo nikakumbuka jambo alilosema daktari. Kwa mfupa uliovunjika mara mbili, hata mambo yakienda vizuri, Mama hatatoka kabla ya miezi mitatu.

Miezi mitatu! Kwa kazi ya nusu siku!

Nikaichomoa drili, nikaifuta, nikairudisha sandukuni isiingie vumbi. Kosa langu wiki iliyopita lilikuwa moja tu, haraka. Safari hii silipui kazi. Safari hii kitakuwa chuma cha heshima, chenye ua kila ncha, na ua la pili hata sijalichora. Lakini kwanza bolti. Zimechanganyika zote tangu ile Alhamisi. Kesho nitakaa chini nizipange.