Hatua Elfu Kumi na Tisa Kitini

Jumatatu, 3 Machi
Daktari wa matumbo kanifunga kifaa mguuni. Kinahesabu hatua. Nitembee kila siku, siku kumi, kisha nilete choo kwenye kikopo. Anataka kuona kama mazoezi yanabadilisha bakteria wa utumbo wenye vidonda kama wangu. Nikamwuliza bakteria watajuaje kwamba nimetembea. Hakucheka. Akasema dawa nisiache hata siku moja. Mwalimu mstaafu, mgonjwa mwenzangu, naye kapewa kifaa. Katoka kliniki anatembea. Kiherehere!

Jumatano, 5 Machi
Akili ni mali! Nikikanyaga cherehani, kifaa kinahesabu. Nimeshona sare tangu asubuhi: hatua elfu kumi na tisa, makalio hayajaondoka kitini. Mwalimu ana elfu sita. Mke wangu kauliza mbona viatu vyangu havina vumbi. Nimetoka nje nikavipaka.

Jumatano, 12 Machi
Damu chooni. Mara tatu. Naogopa, wala sijamwambia mtu. Kikopo ni kesho kutwa. Kikionyesha damu, nitaumbuka mbele ya Mwalimu. Nimemwendea shemeji na kikopo mkononi: mpakia mizigo, tumbo la chuma. Akasema nimeshamwomba mengi, ila hili hakulitarajia. Kakubali kwa suruali mbili.

Jumanne, 18 Machi
Majibu. Daktari kafurahi mno: hakuna dalili ya uvimbe, bakteria wazuri wa kila aina! Kanipa mkono. Mwalimu kapiga makofi, kanuna. Kisha daktari akasema kwa hali hii tupunguze dawa nusu. Nikafungua mdomo niseme kweli. Mwalimu alikuwa ananitazama. Nikasema asante daktari.

Jumamosi, 22 Machi
Jana nilianguka juu ya cherehani. Mke kanileta hospitali, akamweleza daktari yote: cherehani, kikopo, suruali. Kumbe shemeji alikwisha kuropoka. Njia ya mwongo ni fupi. Yangu imetoka kitini hadi kitandani. Daktari hakunigombeza. Alisema tu kwamba ningechelewa siku moja, wangenikata utumbo. Mke akalia mbele ya wodi nzima. Nimemwapia sidanganyi tena.

Ijumaa, 28 Machi
Nafuu. Dawa imerudi yote. Daktari kanifunga kifaa upya, nitembee kidogo kidogo humu wodini. Nimetembea hatua arobaini, nikachoka. Mwalimu kaja kunijulia hali. Kwa miguu! Kasema leo ana elfu tisa.
Mfagiaji wa wodi hajakaa tangu alfajiri. Nimempima suruali.